Daftari la Mejumaa

Muhula uliopita mtoto mmoja wa darasa langu alinipa daftari lake la kazi ya nyumbani, na nilipolifungua ilinibidi nikae. Kazi yenyewe ilikuwa safi, herufi zimekaa kwenye mistari, hesabu zote sahihi. Kilichonikalisha ni harufu. Lilinuka karafuu. Bila shaka mama yake alikuwa amelitia sandukuni pamoja na nguo, na kwetu huku pwani ya kusini kina mama wengi hutia karafuu ndani ya sanduku ili wadudu wasiingie. Harufu ya karafuu ikichanganyika na ya karatasi ya daftari na vumbi la penseli, mimi hurudi nikawa mtoto wa miaka minane, nimepiga magoti kwenye sakafu ya udongo mchana kweupe, na nywele zimenisisimka.

Wenzangu shuleni sijawahi kuwasimulia. Ninyi nitawasimulia, mradi msinicheke kabla sijamaliza.

Tulikaa Kibuyuni, kwenye nyumba ya mawe na udongo yenye paa la makuti, mwendo mfupi kutoka pwani. Baba alifanya kazi ya upishi katika hoteli moja huko Diani na alikuja mara moja kwa mwezi. Kwa hivyo nyumbani tulikuwa wanawake watupu: nyanya yangu, aliyemzaa baba, mama yangu, aliyelima mwani baharini na wenzake, na sisi watoto wawili, dada yangu Mejumaa na mimi, Riziki. Mejumaa alinizidi miaka miwili. Ndiye aliyenifundisha kushika penseli kabla sijaanza shule. Alinikalisha chini, akasimama mbele yangu na ufito mkononi kama mwalimu, na nilipokosea alinichapa kidogo kwenye nyayo, halafu akanipuliza mahali pale pasiume.

Homa ilimshika siku ya Jumanne. Ijumaa tulimzika.

Mengi ya siku zile siyakumbuki. Nakumbuka kwamba watu waliendelea kumwita mama yangu Mama Mejumaa, kama walivyomwita siku zote, na kila alipoitwa hivyo mimi niligeuka kutazama nyuma yangu. Nakumbuka pia siku nyanya alipotoa nguo za Mejumaa kuwapa watoto wa jirani. Mama aliziachilia zote, mpaka sare ya shule, lakini daftari la Kiswahili na penseli alivizuia. Nyanya alimwambia kwa upole kwamba vitu vya marehemu vikiachwa ndani huwafanya koma, yaani waliokufa, wakose kutulia, wakawa wanarudi kuvitafuta. Mama alisikiliza yote, kisha akalitia lile daftari chini kabisa kwenye sanduku lake la chuma, juu yake akapanga leso zake, akafunga kifuniko. Nyanya akatamka kwamba basi lisiguswe na mtu. Likabaki hivyo.

Sasa niwaambie juu ya shule, maana huko ndiko mambo yalikoanzia.

Nilikuwa darasa la pili na sikujua kusoma. Herufi nilizijua moja moja, kama unavyowajua watu kwa sura, lakini zikikaa pamoja sikujua zinasema nini. Mwalimu wetu, Mwalimu Mutua, alikuwa mtu wa bara, mpole, mwenye Kiswahili cha haraka kilichotuchekesha. Muhula ule alileta desturi mpya. Kila mtoto apewe kitabu cha hadithi aende nacho nyumbani, akisome kwa sauti mbele ya mkubwa yeyote, na yule mkubwa atie jina au alama kwenye karatasi. Asiyejua kuandika atie nukta tu, alisema, kwani kazi yake ni kusikiliza, na kusikiliza hakuhitaji shule. Mtoto mmoja mwenye wazazi wasiopatikana aliuliza kama anaweza kumsomea mbuzi. Mwalimu Mutua alifikiri, akasema mbuzi ni sawa, ila asiachiwe karatasi.

Basi kila siku baada ya alasiri nilikaa uani na kitabu. Nyanya alikaa kwenye mkeka akisuka ukili, mama alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Nilisoma kama mtu anayetembea juu ya miba. Nyanya alisinzia. Mama aliendelea kukuna nazi, hakuinua kichwa, lakini mara kwa mara aliniambia, "Rudia hapo. Polepole." Nilirudia. Mwisho alichukua penseli yangu, akatia nukta moja kwenye karatasi, akanirudishia. Mama yangu hakujua kuandika. Hilo tulilijua sote, kama tulivyojua kisima kiko wapi. Kliniki alitia kidole gumba, mkutano wa wazazi alitia kidole gumba.

Siku moja nilipoteza penseli. Sisi wa darasa la pili tulitoka shule mapema, na mchana ule maji ya bahari yalikuwa yametoka, kwa hivyo mama alikuwa kwenye mwani. Nyanya alikuwa amelala chumbani kwake. Mnajua jinsi nyumba ya makuti inavyokuwa saa saba ya mchana: nje jua linaunguza macho, ndani giza la baridi, na juu makuti yananong'ona hata kama hujasikia upepo. Nilikumbuka penseli ya Mejumaa. Nilijua siruhusiwi. Nikaenda kwenye sanduku, nikafungua, harufu ya karafuu ikanipiga usoni, nikapeleka mkono chini ya leso mpaka nikagusa daftari.

Sikulifungua kwa makusudi. Penseli ilikuwa imetiwa katikati, na daftari lilifunguka lenyewe pale penye penseli.

Nililijua daftari lile. Nilijua ukurasa wake wa mwisho, wenye alama nyekundu ya mwalimu na neno "nyuba" lililozungushiwa duara, kwa sababu Mejumaa siku zote alisahau kuandika m kabla ya b. Nilijua pia mkia wa y yake, ulioshuka mpaka mstari wa chini na kujikunja kama ndoana. Lakini ukurasa ule mwekundu haukuwa wa mwisho tena. Baada yake palikuwa na ukurasa mwingine, na mwingine, na mwingine, zote zimejaa maandishi ya penseli. Ndoana zilikuwa pale pale. Kulikuwa na ba be bi bo bu, mistari mitupu ya ba be bi bo bu. Kisha maneno. Na kwenye ukurasa wa karibuni kabisa kulikuwa na sentensi niliyoijua, kwani nilikuwa nimeisoma mimi mwenyewe jana yake uani, nikairudia mara tatu: "Sungura aliingia nyubani."

Nilipitisha kidole juu ya maneno yale. Karatasi ilikuwa na chembe ndogo ndogo. Nilizionja. Ilikuwa chumvi.

Nililirudisha daftari kama nilivyolikuta, nikatoka nje nikasimama juani mpaka mama aliporudi. Ningesema nini? Kwamba Mejumaa bado anasoma? Kwamba jioni tunapokaa uani sisi watatu, kuna wa nne anayenisikiliza?

Jioni ile nilisoma tofauti. Nilisoma kwa sauti kubwa, kila neno likiwa limekamilika, uso wangu nikiwa nimeuelekeza kwenye dirisha la chumba. Neno lililonishinda nililitamka silabi silabi, mara mbili, mara tatu, kwa ajili yake, asije akaandika makosa. Nyanya aliamka usingizini akaniuliza nani kaziba masikio hapa uani. Mchana wa kesho yake nilifungua sanduku tena, na maneno yangu yalikuwamo.

Ikawa hivyo kwa wiki kadhaa. Penseli ilizidi kufupika. Hofu yangu haikuisha, ila niliizoea kama mtu anavyozoea kulala chumba kimoja na paka asiyemwona. Na katika kumsomea Mejumaa, nikajua kusoma. Sijui ilitokea siku gani. Mwalimu Mutua aliniita mbele ya darasa nisome ukurasa mzima, nikasoma, akavua miwani akanitazama. Aliniuliza ni nani ananisaidia nyumbani. Nikamwambia dada yangu. Alifurahi, kwani alikuwa mgeni na hakujua.

Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri wake. Mchana mmoja, chini ya maneno ya jana, niliandika: "Uko wapi?"

Siku iliyofuata kulikuwa na jibu. Herufi zilikuwa zimetikisika, penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. "Niko hapa nyubani. Wewe je?"

Niliandika kwamba na mimi niko hapa nyumbani.

Jibu lililofuata liliuliza: "Una njaa?"

Nilikuwa mtoto, ndugu zangu, na ilikuwa saa saba ya mchana. Niliandika ndiyo. Kesho yake, juu ya daftari, chini ya leso zenye harufu ya karafuu, nilikuta mahamri mawili yamefungwa katika karatasi. Nilikaa nayatazama kwa muda mrefu. Nilijua kikapu cha mahamri kiko jikoni, na niliwaza kwamba Mejumaa amekwenda huko kwa miguu yake isiyosikika akanichagulia. Kukataa kungekuwa utovu wa adabu. Nikapiga bismillahi nikayala, yote mawili, nimefumba macho.

Siku mbili sikupata nafasi. Ya tatu nikafungua, na palikuwa na maneno matatu peke yake katikati ya ukurasa mtupu.

"Nataka uje nikuone."

Nilielewa vizuri. Waliokufa wako mahali pamoja tu, na njia ya kwenda huko ni moja. Niliacha sanduku wazi, nikakimbia, nikaanguka kizingitini.

Siku ile nilitapika. Usiku nikapata homa, na nyanya alipoona nimeshikwa na homa alikuwa na hofu kuliko mimi, maana homa ndiyo iliyotuchukulia wa kwanza. Asubuhi ya Jumamosi, mama alipokwenda kwenye mwani kwa lazima kwani zamu ya kikundi ilikuwa yake, nyanya alinikalisha mapajani akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia yote. Alitoka akamwita Maalim Hamisi, aliyetusomesha Kurani.

Maalim alikuja na sahani nyeupe. Aliandika aya juu yake kwa zafarani, akaziosha kwa maji na marashi, akaninywesha kombe lile. Nilikunywa maandishi yale nikihisi yananiteremka kifuani, ya baridi, matamu kidogo. Kisha akaomba aonyeshwe daftari. Alilifungua kwa vidole viwili, akapindua kurasa moja moja, tangu ba be bi bo bu. Mwisho akasema kwamba hamjui pepo anayejifunza kwa hatua namna hii, lakini asiyoyajua ni mengi. Nyanya alisema yeye hataki kujua, anataka daftari litoke nyumbani mwake leo hii, likafukiwe kaburini kwa mwenyewe. Maalim alikuwa amekwisha kulivingirisha katika kitambaa cheupe wakati mama alipoingia.

Leso yake ilikuwa imelowa mpaka kiunoni, mikono imekunjamana kwa maji ya bahari. Alitoa salamu, akaniangalia mimi kwanza, akanigusa paji la uso. Kisha akaona kitambaa, na pembe ya daftari iliyojitokeza.

"Mama," alimwambia nyanya, "hilo linakwenda wapi?"

Nyanya alimweleza, kwa sauti ya chini, kama unavyomweleza mtu msiba. Kwamba mtoto hajatulia. Kwamba anaandika. Kwamba anamwita Riziki amfuate. Nilimwona mama akinitazama mimi, kisha daftari, kisha mimi tena.

"Mwandiko huo ni wangu," alisema.

Nyanya alimwambia, "Mwanangu, wewe hujui kuandika."

Mama hakubishana. Alimwomba Maalim daftari, akapiga magoti kwenye mkeka na nguo zake zilizolowa, akachukua kile kipande cha penseli kilichobaki. Maalim, ambaye nadhani alikuwa na haraka ya kujua kuliko sisi sote, alimwambia aandike: kamba ya mwani. Mama aliinama. Ulimi ulimtoka kidogo pembeni mwa mdomo. Tone la maji ya chumvi lilidondoka kutoka kwenye kiwiko likaangukia karatasi. Aliandika "kaba ya mwani", na mkia wa y ulishuka mpaka mstari wa chini ukajikunja kama ndoana.

Alipoulizwa nani alimfundisha, alisema Mejumaa. Siku za Jumamosi, mimi nilipobaki na nyanya, walipokuwa wakingoja maji yatoke ili wafikie kamba za mwani, mtoto alimwandikia mama yake herufi juu ya mchanga uliolowa, na mama akazifuatisha. Walikuwa wamefika kwenye maneno ya silabi tatu. Hawakutuambia kwa sababu walitaka kutushangaza. Baada ya mazishi, mama alitaka kumalizia, na aliona haya kuomba msaada wa mtu, na nyanya alikuwa amekataza sanduku lisiguswe. Basi aliandika alfajiri sote tulipokuwa tumelala, kutokana na yale niliyoyasoma jioni.

Nyanya alikaa chini. Alijifunika uso kwa upande wa leso yake na hakuufunua kwa kitambo.

Nami niliona kama jua limeingia ndani ya nyumba. Hapakuwa na koma. Hapakuwa na mtu wa nne. Nilitaka kucheka.

Lakini mama alikuwa bado anapindua kurasa. Alifika pale palipoandikwa "Uko wapi?", akaweka kidole. Chini ya swali lile kulikuwa na majibu yangu, na hata mimi sasa niliona kwamba y zangu nazo zilikuwa na ndoana, kwani sisi sote wawili tulifundishwa na mwalimu mmoja.

"Haya siyo yangu," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo na ya uangalifu, kama mtu abebaye kitu kilichojaa mpaka ukingoni. "Haya ni ya nani?"

Alikuwa akimwuliza Maalim. Hakuniangalia mimi hata kidogo.

"Ni mimi, mama," nikasema, kwa furaha.

Aligeuka.

"Na mahamri?"

"Niliyala mimi."

Alinitazama kwa muda. Nilidhani amekasirika juu ya mahamri, nikaanza kujitetea kwamba niliulizwa, nikajibu kweli. Aliinua mkono uliokunjamana, akanifuta jasho la homa usoni.

"Haya," akasema. "Kumbe ulikuwa na njaa."

Alifunga daftari, akainuka, akatoka nje kuugeuza mwani uliokuwa ukikauka juu ya chanja.

Mimi nililala vizuri usiku ule, nikapona upesi. Niliwaeleza watoto wenzangu kwamba nilikuwa nimeliumbua jini. Ilinichukua miaka mingi, mpaka nikawa na mtoto wangu mwenyewe, ndipo nikaelewa nilichokifanya siku ile kwa maneno mawili. Kwa siku kadhaa mama yangu alikuwa na binti aliyemwandikia. Aliulizwa yuko wapi, akajibu yuko nyumbani. Alimwuliza mtoto wake aliyekufa kama ana njaa, akaambiwa ndiyo, akampelekea chakula, chakula kikaliwa. Maneno yaliyonitia homa mimi, yeye aliyaandika akiwa anaomba. Hakuogopa hata kidogo. Alitaka aje amwone.

Jumatatu yake, baada ya alasiri, tulikaa uani kama kawaida. Nyanya, ambaye hakuwa mtu wa kuomba radhi kwa mdomo, alisukuma kitabu changu kwa mguu mpaka kikafika magotini pa mama, akasema leo angependa kumsikia mkubwa akisoma. Mama alijifuta mikono. Aliweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza. Alisoma mistari minne bila kosa, na nyanya hakusinzia.

Katika mstari wa tano alikwama. Neno lilikuwa refu. Aliinua uso, na mimi nilikuwa nimekaa mbele yake kabisa, najua neno lile, mdomo tayari. Hakunitazama. Aligeuka upande wa kulia, chini kidogo, kwenye mkeka mtupu karibu na bega lake, mahali anapokaa mtoto anayemfuatilia mtu kitabuni, akangoja.

Alingoja kwa adabu, kama unavyomngoja mwalimu. Mimi nilidhani amechoka, nikamtamkia neno.